Kiti cha Kaunti, Makalio ya Jimbo

Jumatatu, 3 Machi

Simu kutoka Topeka, mji mkuu wa jimbo, kabla sijaonja kahawa. Wanamchukua Verna, karani mwenzangu! Wala si kwamba amekosea kitu. Kesi zetu ni chache, kasema yule bwana wa makao makuu ya mahakama za jimbo, na Bunge mwaka huu ni mkono wa birika. Karani mmoja atatutosha. Nafasi ya Verna inahamia Kaunti ya Holcott.

Holcott! Kwa Gaylene Stroud, karani mkuu wa kule!

Niandike hapa, ili siku nikichanganyikiwa nijikumbushe. Mishahara yetu hulipwa na jimbo. Jengo, viti, karatasi na balbu ni mzigo wa kaunti. Yaani kiti ninachokalia ni cha kaunti, makalio ni ya jimbo. Paa likivuja, jimbo linasema waulize kaunti. Tukizidiwa na kazi, kaunti inasema waulize jimbo. Na mimi, Harlan Kopecky, karani mkuu wa mahakama ya Kaunti ya Tamsen, nimebanwa katikati kama nyama ndani ya mkate.

Verna nimemwambia mwenyewe. Hakulia. Aliuliza tu kama kule kuna mahali pa kuegesha gari. Mumewe, Leland, hatembei tangu alipoangukiwa na trekta, na kila adhuhuri Verna hukimbia nyumbani kumlisha. Kutoka Holcott hawezi kukimbia. Ni mwendo wa saa nzima kwa gari. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nina mpango. Akanitazama kama vile mbwa wa nyumbani ameahidi kupika chakula cha jioni.

Sina mpango.

Jumatano, 5 Machi

Nimemeza kiburi, nikampigia Gaylene. Nikamwomba, kwa unyenyekevu ulioniuma mbavu, aikatae hiyo nafasi. Kwa ile sauti yake ya asali akasema, "Harlan mpenzi, mimi sikuomba. Nimepewa." Eti mahakama yake inafurika watu hadi ngazini. Akauliza sisi huku mchana kutwa hufanya nini, tunacheza karata?

Nikafunika simu haraka. Mheshimiwa Jaji Penner alikuwa kwenye benchi la nyuma, anafuma soksi.

Mchana nikaenda kwa mwenyekiti wa baraza la kaunti. Hoja yangu: kaunti imlipe Verna, kwa mwaka mmoja tu, kwa hisani. Akacheka mpaka akavua miwani. Eti bado wanalipia bomba la joto la jengo letu, lile linalokohoa. "Tukianza kulisha watu wa jimbo, bwana, kesho watatuletea gavana naye tumkatie mkate."

Nimerudi kwa miguu. Upepo wa usoni, bila shaka.

Ijumaa, 7 Machi

Nina mpango!

Seneta Oberholt, mwenyekiti wa kamati inayokata fungu la mahakama, hupita hapa kila Ijumaa akienda shambani kwake. Nimempigia. Amekubali kusimama wiki ijayo, ajionee.

Basi ajionee! Atakuta mahakama imejaa kama kanisa siku ya Pasaka. Nimeongea na akina mama wa kanisa la Kimenoni wanaoshona mablanketi, na wazee wanaokunywa kahawa pale kwenye ghala la ushirika wa ngano. Wote wako tayari. Sharti lao ni pai ya tufaha baadaye. Hakuna atakayesema uongo. Watakaa tu. Kukaa si dhambi, na viti ni vya umma.

Emil Dirks na Clete Wasinger hawakuridhika kukaa. Wanataka maneno. Nimewaruhusu wabishane kuhusu uzio, pale ukumbini, kwa sauti ya chini.

Verna kasema, "Harlan, hili litakutokea puani." Hana jicho la mbali, maskini. Ndiyo maana mimi ni mkuu.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika kabla sijavua koti.

Ilianza vizuri mno. Mabenchi yote yamejaa, wengine wamesimama. Mheshimiwa Penner akatoka ofisini, akasimama ghafla, akaniuliza hawa ni akina nani. Nikasema ni wananchi. Akauliza wana kesi gani. Nikasema bado wanatafakari.

Seneta akaingia. Mtu mpana, buti za mchunga ng'ombe, kofia mkononi. Akatazama umati, akaafiki kwa kichwa taratibu. Nikahisi nimeota mabawa!

Ndipo Emil na Clete wakaanza. Uzio, kama tulivyokubaliana. Kisha Clete akamwingiza fahali, ambaye hatukukubaliana.

"Fahali wako ndiye aliyevunja uzio wangu, na wewe ukanyamaza kama gogo!"

"Nilinyamaza kwa sababu mkeo aliniomba ninyamaze!"

"Mke wangu? Unamtaja marehemu mke wangu, wewe mzee mnafiki?"

Fimbo ikainuliwa. Akina mama wa mablanketi wakagawanyika pande mbili, maana kumbe kila mtu mjini alikuwa na maoni yake kuhusu fahali yule. Mmoja wao, Mama Opal, akachoka. Akamgusa Seneta begani, akamuuliza kwa upole kama yeye ndiye anayegawa pai, kwa kuwa walioalikwa wameshakaa vya kutosha.

Seneta akanitazama. Jaji akanitazama. Nikaitazama dari. Kuna doa jipya la maji pale. La kaunti.

Seneta akavaa kofia, akatoka. Nikamkimbilia na maelezo yangu yote, ambayo hayakuwepo. Mlangoni nikakwama, kwa sababu yeye naye alikuwa amesimama.

Huko nje, kwenye maegesho, Verna alikuwa anakimbia bila koti. Mbele yake msichana, mtoto kiunoni, anaondoka mbiombio. Verna alikuwa amemwona kupitia dirishani. Binti alifika mlangoni, akakuta umati umejaa mpaka ukumbini, akageuka. Mdomo ulikuwa umevimba. Alitaka amri ya kumzuia mumewe asimsogelee, na muda aliokuwa nao ni ule tu ambao mume yuko kazini. Foleni kama ile angeisubiri vipi?

Foleni ya wala pai.

Kurudi ndani hakutaka. Basi Verna akakimbilia karatasi, akazitandaza juu ya boneti ya gari la karibu. Lilikuwa pikapu ya Seneta. Upepo ukaanza kuzipeperusha. Seneta akavua kofia akazibania, haikutosha, akazibania kwa mikono miwili, huku Verna anauliza polepole na kuandika, anauliza na kuandika, na mtoto anavuta tai ya Seneta. Mheshimiwa Penner akaja mwenyewe, akamsikiliza binti pale pale, kimyakimya, wameinamiana kama watu wanaosali. Akasaini. Askari wa kaunti akaondoka na binti na mtoto kuwapeleka kwa dada yake.

Mimi nilishikilia mlango. Ndiyo faida yangu yote ya leo, na mlango wenyewe hujishikilia.

Kisha Seneta akamuuliza Verna kama ni yeye anayehamishwa. Ndiyo, ni yeye. Akauliza, "Na akija mwingine kama huyu baada ya wewe kuondoka?"

Verna akafikiri kidogo. "Atamkuta Harlan," akasema.

Seneta akanitazama. Muda mrefu sana.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani sikuimba. Nilikuwa namwona yule binti anageuka mlangoni. Angekuwa na gari lililowashwa tayari, asingeonekana tena. Na waliomfukuza ni watu niliowapanga kwa mkono wangu, kila mtu benchi lake.

Mheshimiwa Penner hakunikaripia. Aliniita tu ofisini juzi ile ile, akafunga mlango. "Harlan," akasema, "mahakama si harusi, kwamba ikijaa ndiyo imefana." Nikasema ndiyo, Mheshimiwa. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa kabisa. Na kweli leo naelewa. Naandika kwa herufi kubwa: SITAPANGA TENA LOLOTE.

Emil na Clete wamefunguliana kesi ya kweli. Sijafurahi hata kidogo. Kesi mbili, lakini, ukihesabu na ile ya kashfa.

Jumanne, 15 Aprili

Verna anabaki!

Kamati imerudisha mshahara wake kwenye bajeti ya jimbo. Mwaka mmoja. Seneta mwenyewe kapiga simu. Nikapokea, nikasema Seneta, ni heshima kubwa. Akasema, "Nipe Verna."

Safari hii Verna alilia. Akampigia Leland, akashindwa kusema, akaniachia simu nimwambie mimi. Leland naye akashindwa kusema. Nikabaki nimeshikilia simu ya watu wawili wanaolia, na mimi wa tatu, ingawa mimi ni mafua.

Jioni nimetafakari kwa haki, bila kujipendelea. Bila umati, binti asingegeuka. Asingegeuka, Verna asingekimbia. Asingekimbia, Seneta asingeona kitu. Kwa hiyo, ukifuata mantiki, mpango wangu ulifaulu. Nimemweleza Verna hivyo. Akaniomba nitoke ofisini mwangu.

Ijumaa, 16 Mei

Mwaka mmoja si mwingi. Mwakani Topeka watahesabu tena kesi zetu, na Holcott wana barabara kuu mbili, wakati sisi tuna moja.

Hiyo moja, hata hivyo, ina kibao cha kupunguza mwendo karibu na makaburi. Na kando ya kibao kuna kichaka cha maua kinachokua vizuri mno. Wafanyakazi wa barabara walikuja kukifyeka. Nikawasihi wakiache, kuna ndege wametaga. Huenda wapo, sijachungulia. Tangu siku hiyo nakimwagilia kila asubuhi kwa ndoo. Sasa kibao kinaonekana pembe tu. Dereva anayepita kasi hapo hupewa faini na askari wa kaunti, na faini ni kesi, na kesi ni yetu!

Leo amekamatwa wa kwanza.

Nilikuwa nimechelewa kazini kwa ajili ya kumwagilia. Askari akauliza kwani sikuona kibao. Nikasema kuna kichaka. Akauliza ndoo hiyo kwenye kiti ni ya nini.

Faini nimelipa. Imekwenda yote hazina ya jimbo, huku haijabaki hata senti. Verna akafungua jalada, akaandika Jimbo dhidi ya Kopecky, akagonga muhuri bila kuinua macho.

Lakini imehesabiwa! Moja! Kesho nakitia mbolea.