Utepe wa Goli la Harrowclough

Jumatatu, 2 Novemba 1874

Nahodha wetu, Amos Ackroyd, kaja dukani kununua soksi. Nikimfungia, akasema Jumamosi tunacheza na Crowdene, na nikifungwa mabao mawili, golini anaingia Obadiah Greenwood. Nikauliza kwa nini Obadiah. Eti ana mikono mirefu. Nikamwambia hata nyani anayo. Akajibu, "Basi nyani naye aje mazoezini. Wewe huji."

Nimekuwa kipa wa Harrowclough tangu klabu ianzishwe. Sitoki kwa sababu ya mikono ya mtu.

Jumatano, 4 Novemba

Wazo. Juu ya nguzo za goli hakuna mti, kuna utepe tu, nao unatoka duka hili hili. Naufunga mimi. Mpira ukipita juu ya utepe, si bao. Utepe ukishuka, mabao yanapungua. Ajabu hakuna aliyeliona hili kabla yangu.

Alhamisi, 5 Novemba

Watu wote kwenye moto mkubwa wa kila mwaka, wanakula keki ya tangawizi. Obadiah alikuwa akichomoa viazi katikati ya makaa bila kuungua. Wasichana wakashangilia. Nikarudi nyumbani mapema.

Jumamosi, 7 Novemba

Asubuhi nimeshusha utepe dhiraa moja, goli la upande wa kiwanda, tunakoanzia. Lile jingine sikuligusa.

Nahodha wa Crowdene, mhunzi, alilitazama goli langu akauliza, "Humo mnafuga kuku, bwana?" Nikasema ni unyevu, utepe umelegea. Mashuti yake matatu yakapita juu. Sikuinua hata mkono. Ackroyd akanipungia kofia.

Kisha Jabez, mshambuliaji wetu, akafunga. Watu wakarukaruka. Halafu nikaona timu zinapishana katikati ya uwanja.

Kila bao likifungwa, timu zinabadilishana magoli. Sheria hii naijua tangu siku ya kwanza. Ilinitoka tu.

Sasa utepe wa juu ulikuwa wangu, wa chini wao. Shuti la kwanza la mhunzi likaingia. Tukapishana tena, nikarudi kwenye goli la kuku. Salama, ilimradi sisi tusifunge.

Nikaanza kumsihi Jabez asipige. Mwanzo kwa ishara, mwishowe nikatoka golini kabisa nikimkimbilia. Akaniuliza, uwanja mzima ukisikia, "Enoch, umehamia Crowdene lini?" Akafunga.

Tukapishana. Mhunzi akafunga. Mawili kwa mawili, muda ukaisha. Ackroyd hakunigombeza. Alinivua kofia ya kipa akampa Obadiah. Ilimkaa vizuri.

Jumatatu, 9 Novemba

Ackroyd kaja tena. Kasema kuanzia sasa utepe ataufunga mke wake. Nikamwambia sawa, mama ana mkono mzuri. Sina kinyongo.

Jumamosi tunacheza na Millbeck, Obadiah golini. Akifungwa mengi, kofia itarudi kwangu. Jioni nimepita uwanjani kukagua. Nguzo zimechimbiwa kwenye udongo mtupu. Mtu mmoja mwenye koleo anazihamisha bila jasho. Goli likipanuka hatua mbili, hakuna mikono itakayofika.

Nitapanua la upande wa kiwanda tu, atakakoanzia Obadiah. La pili litabaki lilivyo. Shida iwe ya Obadiah peke yake, si ya wenzangu.