Hakuna Sufuria Itakayoolewa Bila Kibali

Jumatatu hiyo redio ya jimbo ilikatiza taarifa ya bei za mtama ili kutangaza jambo kubwa zaidi. Kwa heshima ya ndoa, ustawi wa familia na sura ya jimbo mbele ya majirani, hakuna sufuria ambayo ingefuatana tena na bibi harusi kwenda kwa mumewe bila kibali cha Ofisi ya Ubora wa Vyombo vya Maharusi. Wazazi wangechagua vyombo katika ukumbi wa Ofisi, navyo vingeandikwa kwa jina la binti, kisha ndugu, majirani na marafiki wangevilipia humohumo kama zawadi. Sufuria isiyo na kibali isingeuzwa sokoni wala kuvushwa mpaka kuingia jimboni.

Alhaji Barau, Mkurugenzi wa Ofisi hiyo, aliisikiliza taarifa kwa Kihausa, akaisikiliza tena kwa Kiingereza, na kote alitokwa na machozi.

Alikuwa mtu wa utafiti. Alijua, kama kila mtu mjini, kwamba sufuria za bibi harusi hupangwa chumbani kwake, kubwa chini na ndogo juu, mpaka zikaribie dari, ili wanawake waje kuzitazama na kurudi makwao wakiwa na wivu. Hakuna anayezipikia. Mapishi hufanywa kwa sufuria nyingine, nyeusi, ambayo hakuna mgeni anayeiulizia. Kwa hiyo vigezo vya ubora vilihusu kung'aa, mlio na kimo. Moto haukutajwa, kwa kuwa wataalamu hawakuona unahusika vipi. Zabuni ya kuleta sufuria hizo ilikwenda kwa shemeji yake Alhaji, baada ya ushindani mkali kati ya shemeji huyo na nafsi yake. Nao wahunzi waliokuwa wakiyeyusha vyuma chakavu nyuma ya soko na kufua sufuria nene walifungiwa kazi. Walikusanya vifaa vyao wakahamia Maradi, ng'ambo ya mpaka.

Mteja wa kwanza kuleta usumbufu alikuwa Kande, muuza tuwo, ule ugali wa Kihausa, sokoni. Aliingia ofisini na sufuria nzito aliyoifunga kwenye kanga.

"Alhaji, Mungu akuzidishie umri. Nimeleta sufuria ya binti yangu Ladi. Ndoa ni Ijumaa."

Alhaji Barau akaigonga kwa kalamu. Sufuria ikatoa mlio mfupi, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Hailii," akasema.

"Ilie ina msiba gani?"

"Tena haing'ai. Nikijitazama humu sijioni."

"Kioo tunacho nyumbani, Alhaji. Hii ni ya kupikia."

"Mama Ladi, unaoza binti au unafungua hoteli?"

"Naoza binti kwa mwanamume anayekula."

Makarani walicheka, kisha wakakumbuka walipo. Alhaji akamwongoza Kande mpaka ukumbini, ambako sufuria zenye kibali zilimeremeta hata macho yakauma. Kande aliinua moja kwa kidole kimoja.

"Mfuniko huu. Sufuria yake iko wapi?"

"Hiyo ndiyo sufuria. Wepesi ni teknolojia."

"Na inapika?"

"Swali hilo liko nje ya mamlaka ya Ofisi," alisema Alhaji kwa upole. "La kwako ni moja tu. Vyombo visipotimia, bibi harusi hukaa kwa baba yake mpaka vitimie. Ndiyo kanuni."

Ijumaa ikapita bila ndoa. Ladi alikaa ndani mpaka hina ikamfifia mikononi, na majirani wakaanza kuuliza bibi harusi ana kasoro gani. Kande, aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote sokoni, akawa hasemi na mtu. Hatimaye dada zake walichanga, zikanunuliwa zile zinazong'aa, Ladi akaolewa. Ofisi iliuweka mkasa huo katika ripoti ya mwaka, chini ya kichwa "Mafanikio".

Ikawadia zamu ya Zulai, binti wa Alhaji Barau mwenyewe. Aliposwa na mtoto wa Kamishna Shuaibu, na Kamishna Shuaibu ndiye aliyekuwa akitafuta mtu wa kumpa Ukatibu Mkuu wa wizara yake. Alhaji hakulala kwa furaha. Alichagua seti zote ukumbini, na kila mtumishi wa Ofisi alihimizwa kuchangia kwa hiari, kabla ya saa sita. Sufuria zilipangwa katika nyumba ya bwana harusi mpaka fundi akaitwa kuinua dari.

Siku ya kuonyesha vyombo, Kamishna alikuja na wageni wake. Mwimba sifa aliyekodiwa na Alhaji alipaza sauti: "Barau, baba wa ubora! Barau, ndovu wa jikoni!" Kamishna alitazama juu mpaka kofia ikamdondoka.

"Mkwe wangu," alisema, "kila siku nasikia habari zako redioni. Leo sili chakula cha wapishi wa kukodi. Teremsheni hiyo kubwa, tuwo ya wageni isongwe humo."

Alhaji Barau akajisogeza kati ya Kamishna na sufuria. "Mheshimiwa, hizi... hizi ni za kudumu."

"Vizuri. Acha zidumu tukiona."

Moto ukawashwa uani. Mwenye mkono wa kusonga tuwo ya watu wengi mtaani alikuwa mmoja, naye akaitwa. Kande alifika, akaitazama sufuria, akamtazama Mkurugenzi, akakunja mikono ya blauzi.

Maji yakachemka, unga ukaingia. Kande akashika mwiko.

"Alhaji, nisonge kwa nguvu au kwa mujibu wa kanuni?"

"Kwa adabu," alinong'ona Alhaji Barau. "Nakuomba, kwa adabu."

"Songa, mama!" akapiga kelele Kamishna. "Huo ni ubora, hauogopi mwiko!"

Kande akasonga. Mwiko ukazunguka, ukazunguka tena, kisha ukatokea upande wa pili. Tuwo yote ikamwagikia kuni, na moto ukazimika kwa povu.

Kamishna aliishika sufuria kwa kitambaa, akaiinua usoni, akamtazama Alhaji Barau kupitia tundu. Mwimba sifa akaanza upya: "Shuaibu, baba wa subira! Shuaibu, ndovu asiyedanganyika!"

"Mkwe, kanuni yenu inasemaje?" aliuliza Kamishna.

"Bibi harusi... akae kwa baba yake mpaka vyombo vitimie."

"Basi akae. Na Ukatibu Mkuu nao utasubiri sufuria."

Usiku huo Hajiya Lantana, mke wa Alhaji, alizijaribu seti zilizobaki, zilizorudishwa nyumbani, kwa mwiko wake mwenyewe. Alizirundika tu mbele ya mumewe, zote zimetoboka. Zulai hakulia. Alinyoosha mikono, akasema, "Baba, hina inafifia." Hapo Alhaji akaona uchungu wa kweli, kwa kuwa sasa ulikuwa wa kwake.

Akapanda gari kwenda Maradi. Wahunzi walimtambua mara moja, wakampa heshima zake zote na kumwambia apange foleni. Zamu yake ilipofika, mzee wao alimkabidhi kalamu.

"Igonge kwanza, Alhaji. Isije ikawa hailii."

Aliigonga, haikulia, akainunua. Alirudi ameipakata mapajani, vazi lake jeupe limejaa masizi, lakini moyo umetulia. Kwenye kizuizi cha mpakani, askari alichungulia dirishani.

"Sufuria hiyo ina kibali?"

"Kijana, mimi ndiye Mkurugenzi wa Ubora."

Askari aliyatazama masizi, akaitazama sufuria. "Mzee, usimchafulie mtu jina. Mkurugenzi wa Ubora abebe hii?"

"Mwanangu, nisaidie. Binti yangu ananisubiri."

"Hata wangu angesubiri. Kibali hutolewa mjini, na anayetia saini ni Mkurugenzi peke yake." Kisha askari akamwonea huruma, akashusha sauti. "Lakini leo usijisumbue, mzee wangu. Nasikia hayupo ofisini. Amesafiri."