Samaki Mwenye Ndigana

Jumapili, 2 Julai

Manyunyu ya chiperoni, ile baridi yetu ya ukungu, tangu alfajiri. Zomba nzima imejikunyata. Mwanangu Tiyamike kapiga simu kutoka Joni, Afrika Kusini, baada ya ibada, kama kila Jumapili. Samaki wazima? Wazima. Wanakula? Wanakula. Maji umebadilisha? Nimebadilisha. Haya baba, Jumapili ijayo. Kwisha! Chai yangu ilikuwa bado inafuka moshi.

Zamani alikuwa akiongea na mama yake. Wanacheka weee, mpaka simu inachemka. Mimi nilikuwa napewa mwishoni, nasema hujambo mwanangu, nairudisha kwa mwenyewe. Sasa mwenyewe yuko makaburini, mwaka wa pili huu. Simu nimerithi mimi, ila maneno hakuniachia. Ndiyo maana tunaongea samaki. Tiyamike aliniachia tangi lake la kioo sebuleni alipoondoka, samaki na rangi zao zote mle ndani, mbio mbio kutwa nzima.

Nimewaza. Nimefanya kazi ya josho na sindano za ng'ombe mpaka nikastaafu, na sijaona mtu akimtafuta bwana mifugo kwa sababu ng'ombe wake ni mzima. Basi kosa ni langu. Samaki hawa wana afya kupita kiasi.

Jumatatu, 3 Julai

Nimetuma ujumbe: Nyapara hajisikii vizuri. Nyapara ni lile dume la bluu linalowafukuza wenzake. Simu ikalia kabla sijaiweka mezani! Anaumwa nini, baba? Sikuwa nimejiandaa. Nikasema ndigana.

Akauliza, ndigana si ugonjwa wa ng'ombe, unaoletwa na kupe? Nikamjibu kupe siku hizi wameenea kila mahali. Akaniagiza nikague mapezi, nipime joto la maji, nitume picha. Tumeongea mpaka chai imekufa baridi. Ushindi!

Mgonjwa mwenyewe alikuwa anazunguka jiwe lake kama analipwa. Nimelifunika tangi shuka ndipo nikapiga picha. Imetoka nyeusi tii. Safi sana.

Jumatano, 5 Julai

Leo Nyapara ana macho mekundu. Simu mbili.

Mayi Nangwale, jirani yangu mjane, kaja kubisha hodi. Anakaanga mandasi na kuuza hapo nje kwake, na mdomo wake haupumziki. Akiingia hatoki, na simu ikilia atasikia kila kitu. Nikajificha nyuma ya tangi. Ujinga gani huo! Nani hujificha nyuma ya kioo? Akachungulia dirishani akakuta uso wangu umejaa tangi zima.

"Bambo Nsamala! Umeshakuwa samaki chambo?"

Nikalazimika kufungua. Kaniletea mandasi ya moto. Akawatazama samaki, akauliza kwa mara ya mia wataiva lini. Unawalisha, unawapashia maji, juzi umewatandikia na shuka, anasema, kilichobaki si nyanya na kitunguu tu? Nikamwambia hawa si kitoweo, ni wagonjwa. Akataka kukaa. Nikasema nasubiri simu muhimu. Akaondoka taratibu. Mandasi nilipokea.

Ijumaa, 7 Julai

Mungu hachezewi. Jana nilisingizia kifafa, leo nimelipwa. Umeme umekatika tangu asubuhi, mashine ya mapovu kimya, maji yanapoa. Na Manjano, yule jike mpole kuliko wote, anaumwa kweli! Hagusi chakula. Kidevu kimevimba. Kajibanza nyuma ya jiwe, anawatazama wenzake tu.

Niliogopa. Naandika wazi, niliogopa. Nikachemsha maji kwenye mkaa, nikajaza chupa, nikazielesha tangini, zikipoa naanza upya. Nikakumbuka sindano ya ng'ombe iliyobaki kabatini. Nikaipima kwenye kioo. Ndefu kuliko mgonjwa. Nikairudisha.

Nikampigia mimi, kwa vocha yangu. Sauti ilinitetemeka na wala sikuwa naigiza. Nikatuma picha, bila shuka safari hii. Akapiga yowe! Nikajua msiba. Kumbe anacheka.

"Baba, haumwi huyo! Ana watoto mdomoni!"

Kumbe samaki hawa ndivyo walivyo. Mama hutunza mayai mdomoni, hali kitu, mpaka watoto waweze kuogelea. Tiyamike alicheka kicheko cha mama yake kilekile. Akanisimulia alivyowaona samaki hawa mara ya kwanza, kule ziwani Senga, yeye mdogo, mama yake kamshika mkono asiteleze mawe. Habari hiyo sikuwahi kuisikia. Nikauliza nilikuwa wapi mimi. Akasema ulikuwa kwenye josho, baba, siku zote ulikuwa kwenye josho. Hakusema kwa ubaya. Umeme ukarudi, sisi bado tunaongea.

Leo sikusema uongo hata mmoja. Nimeligundua hilo sasa hivi. Sioni lina maana gani.

Jumamosi, 8 Julai

Simu ya jana imenilevya. Ikiwa samaki mmoja mwenye watoto ameleta maongezi yale, wawili je? Nikapiga: Nyapara naye ana watoto mdomoni!

"Baba. Nyapara ni dume."

Nikasema dunia imebadilika, hata wanaume siku hizi wanasaidia kulea. Hakucheka. Akaanza kunikumbusha, moja baada ya jingine: ndigana, macho mekundu, kifafa, sasa dume lenye mimba. Nikajua nimenaswa. Afadhali angeninasa! Kaniamini. Yaani kaamini baba yake amechoka, anaona visivyokuwepo. Akasema nisamehe baba, nimekubebesha mzigo na umri huo. Sauti ilikuwa ya mtu anayelia. Atamwomba Lusungu, aliyesoma naye, anayefuga samaki wa namna hii kule Salima, aje awachukue wote nipumzike.

Nikamwambia wamepona. Wote? Wote, wamepona mchana huu, kwa pamoja. Akasema pumzika, baba.

Jumatatu, 10 Julai

Simu ya jana ilikuwa fupi: Lusungu anakuja kesho. Na kweli kaja, na mifuko ya plastiki na mtungi wa hewa. Kijana mwenye adabu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kavua viatu mlangoni. Kauliza wagonjwa ni wepi. Nikaonyesha kidole popote. Akainama akawatazama kwa muda.

"Hawa ni chuma, Bambo. Wangu mimi hawajafika hapa."

Nikamwomba asimwambie Tiyamike. Akashangaa, nisimwambie kuwa ni wazima? Nikaenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Kamchota Manjano kwa uangalifu, na mdomo wake umefungwa vilevile. Hakuachia mtoto hata mmoja. Nimebaki na maji na mawe. Mashine ya mapovu sijaizima. Nilijaribu, nikaiwasha tena. Nyumba ilikuwa kimya mno.

Alhamisi, 13 Julai

Jumatatu hakuna simu. Jumanne hakuna. Jana hakuna. Hakuna mgonjwa, nani ampigie bwana mifugo?

Mayi Nangwale kabisha hodi. Nimefungua. Kakaa kwenye kiti cha marehemu mke wangu bila kuuliza, na nilitaka kukasirika nikaona sina nguvu. Akalitazama tangi, safari hii hakuuliza habari ya kitunguu. Akasema Tiyamike anakusalimu. Nikauliza kwa njia gani. Akasema kwani hujui, mwanao ananipigia kila Jumatano.

Kila Jumatano!

Anamuuliza kama nimekula. Kama nimetoka nje. Kama nimevaa sweta.

"Anasema akikuuliza hujambo, unajibu sijambo, mlango umefungwa. Akiuliza samaki, unaongea. Ndiyo maana alikuachia samaki, mwanamume wewe! Ulidhani mtu aliyeko Joni anakosa usingizi kwa ajili ya samaki?"

Nikauliza, hizo Jumatano mnaongea kwa muda gani? Akasema inategemea, jana mandasi yaliungua. Mandasi yaliungua! Na mimi baba mzazi napewa salamu za chai isiyopoa. Wivu ulinila.

Akasema Jumapili akipiga nimwambie ukweli, basi. Kwamba niko mpweke. Neno hilo halijaua mtu, anasema, hata yeye hujiambia asubuhi akiwasha jiko. Nikamwahidi. Kisha nikasema nasubiri simu, akaondoka. Hakukuwa na simu.

Jumapili, 16 Julai

Nimejiandaa. Nimenyoa ndevu. Nimevaa sweta ili nisidanganye popote. Nimelikariri lile neno mbele ya tangi, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Linatamkika.

Simu imelia baada ya ibada. Hakuuliza samaki.

"Baba, na wewe? Wewe mwenyewe uko vipi?"

Nikafungua mdomo. Neno lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi. Akangoja. Nikangoja naye. Nikasikia magari ya Joni yakipita nyuma yake, nikaona kabisa sasa atasema haya baba, Jumapili ijayo.

Nikamwambia nimenunua sungura. Anakohoa.

Halafu nikasikia kiti kikivutwa, akakaa. Akauliza anakohoa vipi, kikohozi kikavu au chenye makohozi? Nikamkoholea kidogo asikie. Akauliza anakula? Analala wapi? Ana rangi gani? Nikasema kijivu. Ana jina? Nikasema bado, tulikuwa tunakungoja wewe. Tumetafuta jina mpaka salio lake likaisha, akanunua jingine, akapiga tena!

Anataka picha kesho asubuhi. Furaha iliyoje! Nakimbilia kwa Mayi Nangwale kumuuliza ni nani mtaa huu anauza sungura. Wa kijivu. Akiwa anakohoa kweli, bora zaidi.