Chuma Kilicho Pajani mwa Mke Wangu

Kwa Mkuu wa Utafiti wa Sumaku ya Dunia, Nairobi

Kituoni, nje kidogo ya Lodwar, barabara ya Kakuma
Agosti 1998

Mheshimiwa Daktari,

Pokea heshima zangu, pamoja na vumbi lililoingia ndani ya bahasha bila ruhusa. Mimi ni mlinzi wa chombo chenu, mtu wa Wundanyi, darasa la sita.

Mtaalamu wenu alinieleza kazi nikaelewa. Juu kabisa, kupita mawingu, dunia imezungukwa na mikanda ya chembe kali zilizonaswa na sumaku yake. Jua likichafuka, mikanda hujaa, na sumaku ya huku chini hulegea kidogo sana. Chombo mlichokizika hapa huandika huo ulegevu. Ndiyo maana chuma hakivuki mawe meupe mliyokizungushia kituo. Sawa. Lakini nina malalamiko.

1. Mlichukua panga langu, na mshipi wangu kwa sababu ya bizimu. Dunia ina mikanda miwili. Mimi nafunga suruali kwa kamba ya katani. Fisi akija, nimsomee kanuni?

2. Rafiki yangu Majak, mkimbizi wa Sudan mwenye duka kambini Kakuma, alikuja kunisalimia na baiskeli ya kuazima, akavuka mawe. Mtaalamu akapanda ndege kuja kunigombeza kwamba tumeharibu dhoruba ya angani. Majak akamwambia, "Pale Nadapal, mpakani, nilipita chini ya risasi, hakuna aliyeniona. Hapa nimeonekana kwa baiskeli?"

3. Mliagiza pampu ya kisima ing'olewe. Mama Nabei, anayechota hapo, aliniuliza, "Hiyo mikanda yenu inakunywa maji?" Naomba mnitumie jibu, kwa sababu anarudi kila asubuhi.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mke wangu Wakesho amesafiri kutoka Wundanyi kuja kunitazama baada ya miaka miwili. Zamani alivunjika paja, wakamtia chuma. Mtaalamu akamzungushia dira, sindano ikatikisika, akaamua mke wangu ni chuma. Sasa Wakesho analala Nawoitorong, kwenye nyumba ya wageni ya akina mama, na akija tunaongea mawe yakiwa katikati, kama mfungwa na mgeni wake. Etabo, mchungaji wa mbuzi, kila akipita ananisalimu kwa Kiturkana, kwa sauti: "Ejok, Mwakio! Umeoa bunduki?"

Kwa hiyo naomba mke wangu avuke. Kama haiwezekani, chombo kihamishiwe Todonyang, kule ziwani, samaki hawana chuma. Kama hilo nalo ni gumu, isogezeni mikanda yenyewe. Mtaalamu anasema kosa linalojulikana huondolewa kwenye hesabu. Basi mwondoeni Wakesho kwenye hesabu, mniachie kitandani. Ili msipate taabu, naahidi kwa niaba yake kwamba atalala kichwa kaskazini, bila kugeuka, hadi asubuhi.

Wasalimie makarani, dereva, mama wa chai, na jua mkilipima.

Ni mimi mtiifu wenu, nisiye na bizimu,
Mwakio Nyambu

Baada ya sahihi: Wakesho ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Anasema kanuni ibaki vilevile. Nawoitorong kuna kivuli, maji ya kuoga na wanawake wa kucheka nao, na hakuna atakayemwambia alale akielekea wapi. Pia anauliza kwa nini katika barua yote sikuomba likizo, maana mimi sina chuma popote na Nawoitorong hawapimi watu. Sikuwa nimefikiria hilo. Naomba siku mbili.