Jina Langu Chini ya Shimo Jeusi

Jumatatu, 6 Mei

Leo nimeumia, na Mungu anajua mimi si mtu wa kijicho. Shemeji yangu ameandikwa! Shemeji huyu huyu, mdogo wake mke wangu, niliyemtafutia mwenyewe kazi ya kupika chai ghorofa ya juu, kwa wale wanaopoza vyuma mpaka vinaishinda barafu kwa baridi, eti wachungulie chembe. Wametoa makala. Mwishoni kuna sehemu inaitwa Shukrani. Wameshukuru profesa wa ng'ambo, wameshukuru waliotoa fedha, halafu yeye, jina lake lote na la baba yake, "kwa chai isiyokatika". Ukurasa ameubandika ukutani juu ya birika.

Mimi ni mtunza vyumba wa ghorofa ya chini, kwa watu wa nadharia. Hawana mashine hata moja. Wana ubao, chaki na mabishano. Wanatafiti mashimo meusi, yale ya angani yanayomeza hata mwanga. Anayefuta mbao zao ni mimi, anayeleta chaki ni mimi, anayepita kwa kunyata palipoandikwa USIFUTE ni mimi. Nani kanishukuru? Hakuna.

Jioni shemeji alipita nyumbani kuazima sufuria. Uongo mtupu. Alikuja na makala. Akaniambia nisihuzunike, hata wafagiaji wana thawabu yao mbinguni. Mke wangu akacheka mpaka akashika ukuta. Nikasema na mimi naandikwa, tena hivi karibuni. Kwa nini mdomo wangu hausali pamoja nami? Kesho kikundi chote cha sala cha mke wangu kitakuwa na habari.

Jumanne, 7 Mei

Nimemvizia Daktari mlangoni, yule wa nadharia, daktari wa shahada si wa sindano. Ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu kama ningejaliwa. Kule chini hakuna anayemfikia kwa akili, na mimi ananiita Mzee wa Chaki. Nikamuuliza, kwa kuzunguka sana, mtu huandikwaje kwenye Shukrani. Akasema ni yeyote aliyeisaidia kazi isonge mbele. Akaongeza kwamba makala yake inakamilika wiki hii. Ijumaa ataieleza mbele ya wageni. Wakiridhika, mkataba wake unaongezwa. Wasiporidhika, anafungasha.

Nikauliza anatafuta nini hasa. Akaacha kazi yake, akanieleza polepole. Ukichoma barua, akasema, majivu na moshi na joto bado vimebeba kila neno, ila hakuna wa kuyaokota. Je, barua ikitumbukia kwenye shimo jeusi? Shimo lenyewe huyeyuka taratibu, likitoa mionzi. Maneno yametoka na mionzi hiyo, au yamefutika kabisa? Watu wazima na shahada zao wanagombana juu ya hilo mpaka hawasalimiani.

Nimerudi nalo nyumbani. Marehemu mama alikuwa na namna yake ya kuniita nikiwa uani, anavuta mwisho wa jina kama anayevuta kamba. Siku hizi siisikii tena kichwani. Maneno nayakumbuka, sauti hapana. Imekwenda wapi? Kwa Mungu haijapotea, hilo nasadiki. Lakini ningependa na hesabu nayo ikubali.

Jumatano, 8 Mei

Mpango! Ubao wa Daktari umechakaa. Hesabu zake zimefifia, mabega ya watu yamezipangusa. Nimeingia asubuhi kabla ya wote, na chaki mpya, nikapita juu ya kila mstari, herufi kwa herufi. Sikuelewa kitu. Ila shuleni mwandiko wangu ulisifiwa, tena ndicho kitu pekee kilichosifiwa. Mahali pamoja kulikuwa na kistari kimening'inia mbele ya mabano, kichafu, kama chaki imeteleza. Nikakifuta. Kazi safi ni kazi safi.

Daktari alifurahi sana! Akamwita Profesa aje aone. Profesa, mkuu wao, ambaye hunisalimia kwa nyusi tu, alisema sasa ubao unasomeka kuliko vitabu vyake. Daktari akaketi akanakili kila kitu upya. Nikachomekea, kama mzaha, habari ya Shukrani. Akasema, "Mzee wangu, wewe wa kwanza!"

Wa kwanza! Kabla ya waliotoa fedha! Nimepanda ghorofa ya juu bila shughuli yoyote, nikapita mbele ya birika mara mbili.

Alhamisi, 9 Mei

Asubuhi nimekuta vicheko. Daktari anazunguka chumba, Profesa amekaa juu ya meza akining'iniza miguu kama mtoto. Pande mbili za hesabu zimekatana, imebaki sifuri. Hakuna kinachopotea! Kila kilichoingia shimoni kinatoka. Profesa kanipa mkono, wote, si vidole. Daktari akanionyesha rasimu. Jina langu kamili, "kwa ubao usiosahau". Nikaiwaza sauti ya mama, machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi la chaki.

Halafu Daktari akasema jambo. Kwamba ni ajabu, wiki iliyopita pande zote mbili zilikuwa na alama ya kutoa, zikawa zinaongezana badala ya kukatana. Kumbe kistari kimoja kilikuwa doa la chaki tu, akahangaika nacho bure. Akanionyesha kwa kidole kilipokuwa. Mbele ya mabano.

Kistari changu! Uchafu wangu!

Nikinyamaza, naandikwa. Na kesho binti anasimama mbele ya wageni na uongo niliomtengenezea mimi. Mmoja akiugundua, anafungasha. Nikisema, sina langu tena, na shemeji atanicheka mpaka siku ya kiyama. Nimesali mchana kutwa nipate njia ya tatu. Nikiomba njia ya tatu Mungu hunyamaza sana.

Mke wangu kanitazama tu akauliza, bwana wee, umefanya nini tena? Nikasema ni mafua.

Ijumaa, 10 Mei

Njia ya tatu niliipata mwenyewe. Nimeingia kabla ya wote, nikakirudisha kistari. Kinene, cha kuonekana. Daktari akiingia atakiona, atasahihisha, hakuna atakayejua. Nikasubiri na kifutio mkononi.

Hakuutazama ubao! Macho yote kwenye karatasi alizonakili juzi. Nikapangusa pembeni ya kistari. Nikasogeza meza. Nikakohoa. Profesa akauliza kama nahitaji dawa.

Wageni wakaanza kuingia na viatu vyao vya kung'aa. Nyuma yao nani? Shemeji, na birika, ameazimwa na ghorofa ya chini kwa heshima ya siku. Akaninong'oneza, vipi, umeandikwa wapi, kwenye orodha ya vifaa?

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwendea Daktari mbele ya wote, nikamwomba anieleze mstari ule. Profesa akakunja uso, "Mzee, saa hizi?" Nikasema mimi ndiye nitakayeshukuriwa, nina haki ya kujua nashukuriwa kwa lipi. Wageni wakacheka. Daktari, amelelewa yule, hakunitolea nje. Akageukia ubao, akaanza kusoma kwa sauti. Akafika kwenye mabano.

Akatazama karatasi. Akatazama ubao. Akanitazama mimi, chaki mpaka viwikoni.

"Mzee wangu," akasema taratibu, "kilikuwepo?"

Nikasema kilikuwepo. Nilidhani ni uchafu.

Profesa alifumba macho kama mtu anayeng'olewa jino. Shemeji, niliyemtegemea acheke, hakucheka. Akammiminia Daktari chai akamwekea mkononi. Binti akanywa, akaweka kikombe, akawaambia wageni kwamba alikuja kuwaeleza kuwa hakuna kinachopotea, na sasa hawezi kusema hivyo. Atawaonyesha alipofika kwa haki, basi. Akashika chaki, akaanzia kwenye kistari. Mwishoni ilibaki sehemu isiyokatana na kitu, akaizungushia duara, akasema hapa ndipo nisipojua.

Mgeni mmoja mwenye mvi akasema ile sifuri ingemfanya arudi kwao na mashaka, ila duara hili ataondoka nalo aendelee kulifikiria. Wakamuuliza maswali, wakainuka wenyewe kwenda ubaoni, wakabishana. Birika lilijazwa tena na tena.

Profesa amepita mbele yangu. Hata nyusi hakuinua.

Jumatatu, 13 Mei

Mkataba wa binti umeongezwa! Nimemshukuru Mungu nikiwa nimepiga magoti kwenye stoo ya mafagio.

Makala imekwenda, ni fupi, na mwishoni ina swali badala ya jibu. Daktari akanionyesha Shukrani. Mimi simo. Profesa alikataa katakata. Shemeji yumo, "kwa chai katika saa ngumu". Mara ya pili!

Daktari akaniomba radhi, yeye, mimi niliyemtia shimoni. Nikamuuliza basi, kile kilichoingia kimepotea au hakijapotea? Akasema bado hajui. Akasema "sijui" si sawa na "kimepotea", nisivichanganye. Nimelibeba neno hilo mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Nilikuwa uani nikiosha miguu mke wangu aliponiita nikale. Akavuta mwisho wa jina. Vile vile! Kama anayevuta kamba. Nikabaki na mguu mmoja ndani ya beseni. Nikamuuliza amejifunza wapi kuita hivyo. Akanishangaa, akasema kwa mama mkwe, kwani wapi kwingine, tangu siku ya kwanza aliyoingia nyumba hii, na mimi siku zote hizo nilikuwa nasikiliza nini? Nikamwomba aniite tena. Akasema chakula kinapoa. Halafu akaniita.

Kwa hiyo nimetubu. Kijicho chote, na majivuno, na neno moja nililomwambia shemeji kuhusu pua yake, ambalo sikuliandika humu. Jina kwenye karatasi silitaki tena. Moyo wangu mweupe kama ubao uliooshwa.

Ila Daktari kesho anaanza hesabu mpya, na ubao wake wa pili nao umefifia. Nimenunua chaki ya bluu. Safari hii sifuti kitu, naapa mbele za Mungu. Nitaongeza tu vistari, pale vinapoelekea kukosekana.