Tina, Beti na Daftari la Baba Kevo

Wenzangu wa bweni la nne, leo nimejivua nguo mbele za watu. Si nguo za kweli. (Za kweli ningezivaa tena, yakaisha.) Nawaandikia hii imeili nikiwa ofisini. Kila anayeniuliza kwa nini macho ni mekundu namwambia ni jino.

Mnanijua. Nina wivu, sikatai. Musyoka nilimpata kwa shida, na mwanamke yeyote anayemchekea-chekea simwamini. Sasa, tangu Juni anafanya kazi na daktari mmoja, mama mtu mzima, anayetafiti jinsi mwili unavyopigana na magonjwa. Musyoka ndiye fundi wake wa kompyuta. Anafika nyumbani Umoja chakula kimepoa, anakula kidogo, halafu anaangalia ukuta akitabasamu. Nikimuuliza, jibu ni lile lile: "Ni mashine, Mama Kevo." Mashine gani hiyo ya kumfanya mtu atabasamu?

Leo asubuhi yuko bafuni, mimi namtilia mkebe wa githeri ya mchana kwenye mkoba. Nikaona daftari. Sikulitafuta. (Nililitafuta.) Mwandiko ni wake, Kiswahili safi kabisa. Nimelikariri:

"Jumatatu. Nimejaribu bila kinga, mara tatu.
Jumanne. Tina anatembea ovyo. Simzuii, ndivyo nilivyotaka.
Jumatano. Tina amekutana na Beti. Wakishikana tu, Beti anazaa. Anazaa kupita kiasi.
Alhamisi. Nimejaribu na kinga. Inachukua muda mrefu sana."

Bila kinga. Miaka hii, ambapo kila wiki tunachangia matanga pale mtaani kwetu na hakuna anayesema marehemu aliugua nini. Niliogopa kabla sijakasirika, huo ndio ukweli. Nilimwangalia Kevo akivaa soksi za shule nikajiuliza atalelewa na nani.

Daftari likaingia kwenye kibeti changu. Musyoka akaenda kazini akipiga mluzi. Nikamwonyesha jirani yangu, Mama Mwende, mtu mwenye busara. (Nilidhani.)

"Tina anatembea ovyo, na bwanako ameandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na hamzuii?"

"Hamzuii."

"Sasa dadangu, unangoja nini hapa?"

Sikungoja. Nikampigia bosi kwa simu ya kibanda, nikamwambia jino limenishika. Nikavaa lile rinda nililolivaa kwenye harusi ya dada yangu na viatu virefu. Nilitaka Tina aone anashindana na nani.

Pale kazini kwao kuna msichana wa mapokezi. Akaniuliza, "Mama, una miadi?"

Nikamwambia, "Nina ndoa." Nikapita.

Nikasukuma mlango wa mwisho. Ndani kuna watu kama wanane, wageni wa maana, suti na tai, wamezunguka kompyuta moja. Musyoka ameshika rula akiwaonyesha kitu. Wanawake wageni walikuwa wawili. Nikachagua mmoja, mwembamba, mwenye kucha ndefu. Nikainua daftari juu.

"Tina ni nani hapa?"

Musyoka akaniambia polepole, "Filo, tafadhali."

"Wacha hiyo Filo yako. Tina asimame. Na Beti pia, kama hajaenda kuzaa."

Yule daktari akavua miwani. "Mama," akasema, "Tina hawezi kusimama. Hana miguu."

(Kwa sekunde moja nilimhurumia.)

Akanishika mkono, akanipeleka hadi kwenye skrini. Ilikuwa imegawanywa miraba midogo, kama ubao wa drafti, na juu yake nukta zinahama-hama. "Hizi za bluu ndizo Tina. Ziko mia tatu. Za kijani ni Beti." Kumbe ni chembe nyeupe za damu, za kuigiza kwenye kompyuta. Wataalamu wanaziita T na B, lakini Musyoka alichoka na herufi akazipa majina. Kila nukta ina sheria zake ndogo: ukikutana na mdudu wa ugonjwa fanya hivi, ukikutana na mwenzako fanya vile. Hakuna anayeziamuru. Wanaziachilia tu, halafu wanatazama kama mwili utapona.

"Na bila kinga?" nikauliza. Sauti ilikuwa imeshakuwa ndogo.

"Tunazima kinga ya mwili, tuone ugonjwa utafika wapi."

"Na kwa nini aliandika kwa Kiswahili?"

"Nilimwambia mimi. Kama huwezi kumweleza mama mkwe wako kazi yako, bado hujaielewa."

Yule mwenye kucha ndefu akakohoa. Hakuwa na kikohozi.

Hapo ningeomba radhi nikaondoka. Lakini wivu ukanishika upya, safari hii juu ya nukta. Nikasema, "Tina ana jina. Beti ana jina. Na mimi mkewe?"

Musyoka akaangalia viatu vyake. Daktari akasema, "Mbona, umo! Ni hizo nyekundu. Nyutrofili, chembe nyeupe za aina nyingine. Kwa kifupi, Filo."

Wenzangu, nilijisikia malkia. Nikanyoosha rinda. Ndipo mgeni mmoja wa tai akauliza, kwa heshima tu, "Na hizo Filo kazi yake ni gani?"

Daktari ni mwanasayansi, hajui kuficha. "Hizo ndizo hufika kwanza. Zikinusa tu shida, zinakimbia. Haziulizi maswali. Zinapiga chochote kilicho karibu, hata mwili wenyewe mara nyingine unaumia."

Wageni wakaangalia skrini. Kisha wakaniangalia mimi.

Musyoka alinisindikiza hadi getini akicheka mpaka akashikilia ukuta. Nikamwambia, "Baba Kevo, nilidhani tumekwisha. Nilidhani tutakufa." Kicheko kikakatika. Akasema hata yeye huogopa ugonjwa huo, ndiyo maana anaipenda hiyo kazi. Halafu akaniahidi atabadilisha jina leo leo, hizo nyekundu aziite kitu kingine.

Nimemkataza. Yuko mle kutwa nzima na Tina mia tatu, wote wanatembea ovyo. Lazima awepo mtu wa kwetu. Na anayecheka, acheke kimya kimya, bosi yuko hapa nyuma yangu ananiuliza ni jino la juu au la chini.