Imani Zangu Tatu kwenye Manila

Jumatatu, 9 Februari

Wiki ya tano kazini. Chaki niliyotumia: sifuri. Najivunia.

Chuoni tuliambiwa tuandike imani zetu binafsi kuhusu kufundisha na kujifunza. Nilipata A. Nimezinakili kwenye karatasi ya manila na kuibandika ukutani, Darasa la Nne A, zisomwe na kila mwenye macho. Kwanza: mtoto haambiwi, hugundua. Pili: chaki ni adui wa akili. Tatu: mtoto akilala darasani, kosa ni la mwalimu.

Leo Mwalimu Mkuu, Mzee Elikana, kaniita ofisini. Mthibiti ubora anakuja Ijumaa kuangalia somo langu. Ripoti ikiwa mbaya, sithibitishwi kazini. Kanisihi nishike chaki, niandike jedwali la sita, watoto waimbe, yaishe. Nikamwambia heshima yake iko palepale, ila mimi siimbishi mtu. Madamu Leonia wa Nne B alikuwepo, anasahihisha madaftari. Kacheka kwa pua. Miaka ishirini na miwili anaimbisha majedwali yule!

Jumanne, 10 Februari

Nimewauliza: vikapu sita, kila kimoja kina migebuka saba. Jumla samaki wangapi? Nikanyamaza, wagundue. Asumani, dawati la mbele, kalala fofofo, magamba ya dagaa shavuni. Wengine sita wanasinzia.

Mara darasa zima: arobaini na mbili! Wamegundua! Nusura nilie. Nikabadilisha, migebuka nane kila kikapu. Kimya. Dakika kumi, kimya. Ndipo nikang'amua: ng'ambo ya ukuta Nne B walikuwa wanaimba jedwali la sita, na walipofika mara saba Leonia katoka kupokea simu.

Kuhusu waliolala, imani ya tatu iko wazi: kosa ni la mwalimu. Mwaka jana mwalimu wao alikuwa nani? Leonia.

Jumatano, 11 Februari

Nimefunga madirisha yote. Nyufa za ukuta nimeziba kwa magazeti. Joto! Kumi na mmoja wamelala.

Mzee Elikana kaja kuyafungua mwenyewe. Kanieleza kwamba hii ni wiki ya giza, mwezi unachelewa, wavuvi wako ziwani kila usiku, na watoto wanaamka alfajiri kuanika dagaa na mama zao. Nikamshukuru. Sikusikiliza yote, maana akili ilishafunguka: somo la Ijumaa nitalifanyia mwaloni, pale ufukweni wanakoanikia, kwenye dagaa wenyewe!

Jioni nimemfuata Mama Mwanvua, mkubwa wa waanikaji. Kakubali tukae pembeni, kwa sharti moja.

"Wingu likitanda, kila aliyepo mwaloni anaanua. Hapa hakuna mgeni wala bosi, Mwalimu Nikodemu."

Nikaitikia. Maneno ya ukarimu tu.

Alhamisi, 12 Februari

Kugundua nako kunataka mazoezi. Nimempa mwanafunzi wangu Bariki jibu, arobaini na mbili, na namna ya kushangaa: mdomo wazi, mikono kichwani. Huu si udanganyifu. Ni maandalio ya somo.

Leonia kachungulia dirishani, kanishauri kesho niangalie mawingu. Wivu huo.

Ijumaa, 13 Februari

Mthibiti ni Madamu Winfrida. Miwani, faili, viatu vyeupe. Tukapanga mawe mchangani, mistari sita, kila mmoja mawe saba. Nikamgeukia Madamu nimsomee imani ya kwanza kwenye manila, niliyoibandua ukutani. Kabla sijauliza swali lolote, Bariki kashika kichwa: arobaini na mbili! Madamu akaandika kitu. Kirefu.

Wingu likaja kutoka upande wa Kongo. Mama Mwanvua akapiga yowe moja, darasa lote likanikimbia. Nikaamuru wakae. Nani akae? Hata Madamu kavua viatu, anaanua. Nikabaki peke yangu. Somo ni somo! Mwanafunzi wangu Yuliana kaninyang'anya manila, kaifanya kizoleo. Imani zangu zinazoa dagaa!

Mvua ikakuta neti zote za kuanikia tupu, isipokuwa moja. Iliyokuwa miguuni pangu. Ya mama yake Asumani. Asumani aliniangalia tu. Roho iliniuma, sifichi.

Bandani, tulikojikinga mvua, Madamu kawauliza: magunia tisa, kila moja debe sita, ni debe ngapi? Wakaimba wimbo wa Leonia wote mpaka hamsini na nne. Akataka kujua nani kawafundisha vizuri hivyo.

"Ukuta, Madamu," kasema Asumani.

Jumamosi, 14 Februari

Uamuzi umetoka. Sithibitishwi mpaka miezi sita mingine. Kuanzia Jumatatu nakaa nyuma ya Nne B, namwangalia Leonia anavyofundisha. Mimi! Mwenye A!

Nimekwenda kumpa pole mama yake Asumani. Kapokea. Kisha kasema pole haianikwi juani, wiki nzima nitamsaidia kuanika kila alfajiri. Nimekubali. Deni hilo ni langu.

Jumatatu, 16 Februari

Saa kumi na moja alfajiri, mwaloni na Asumani. Tumeanika neti nne. Mgongo umekwisha. Mtoto ananiongoza kama kibarua mpya, na ana haki.

Saa mbili, kiti cha nyuma, Nne B. Wakaanza jedwali la saba. Saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne.

Nimeamshwa na mkono wa Leonia begani. Magamba shavuni, darasa linacheka. Kaniuliza mbele yao saba mara nane. Nikanyamaza. Mwalimu wa kweli haambii mtoto jibu.

Ndipo ikanijia. Nimelala darasani. Kosa la nani? Imani ya tatu, wazi kabisa! Nimenunua manila mpya, na barua kwa Mzee Elikana iko tayari: Madamu Leonia anachosha wanafunzi, na shahidi ni mimi mwenyewe.